Kutembea, mazoezi ya nguvu nyumbani au mtaalamu wa viungo: njia tatu za kulinda misuli wakati wa kemotherapia ya saratani ya matiti

Mwanamke anayetibiwa saratani ya matiti kwa kemotherapia husikia maagizo mawili yasiyopatana. Kliniki anaambiwa ajitahidi kuusogeza mwili. Akifika nyumbani, iwe Lanet ya Nakuru au Luanda ya Vihiga, hapa Kenya, dada zake, wakamwana na wenzake wa chama humpokonya ufagio na kumwambia alale. Kila upande una nia njema. Hata hivyo, misuli inayopotea katika miezi ya matibabu hairudi kwa urahisi, na anayeshinda kitandani huipoteza kwa kasi zaidi kuliko anayesimama na kutembea. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mgonjwa, na kwa ajili ya yule anayemuuguza, ambao wamekwisha kukubali kwamba jambo fulani lazima lifanywe lakini wamekwama kati ya njia tatu: kutembea, kufanya mazoezi ya nguvu nyumbani, au kufuata mpango chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo.

Namna misuli inavyopotea huku mizani ikinyamaza

Sababu ni nyingi na hufanya kazi kwa pamoja. Dokisorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wengi huanza nayo pamoja na siklofosfamidi, huharibu mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, na athari hiyo huifikia misuli ya mwili kama inavyoweza kuufikia moyo. Deksamethasoni, ambayo hutolewa ili kuzuia kutapika na pia kuzuia mzio kabla ya dawa nyingine za kemotherapia, paklitakseli au dosetakseli, ni steroidi, na steroidi zinazorudiwarudiwa hudhoofisha hasa misuli ya mapaja na nyonga. Ndiyo maana wagonjwa wengine hugundua tatizo mara ya kwanza wanaposhindwa kuinuka baada ya kuchuchumaa kwenye choo cha shimo. Paklitakseli kwa upande wake huleta ganzi ya nyayo na vidole, na mtu asiyezihisi nyayo zake vizuri hupunguza kutembea bila hata kukusudia. Juu ya hayo kuna kichefuchefu, vidonda vya mdomoni, chakula kinachoonja kama chuma, na kwa wale ambao hedhi yao imekatizwa na dawa, kushuka kwa homoni ya estrojeni.

Jambo linalowapoteza wengi ni uzito. Tofauti na saratani ya koo au ya tumbo, ambazo humkondesha mtu mbele ya macho ya kila anayemtembelea, saratani ya matiti mara nyingi hutibiwa kwa mtu ambaye uzito wake haubadiliki au hata unaongezeka, kwa kuwa steroidi humpa njaa na shughuli zake zimepungua. Kilo hubaki zilezile kwenye kadi ya kliniki, ilhali ndani mafuta yamechukua nafasi ya misuli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusu wanawake 3,241 wenye saratani ya matiti ya hatua ya pili na ya tatu, ulipima misuli kwa picha za CT na kukuta kwamba asilimia 34 walikuwa na misuli pungufu karibu na wakati wa kugunduliwa kwa ugonjwa, na kwamba hatari yao ya kufa katika miaka iliyofuata ilikuwa kubwa kwa asilimia 41 kuliko ya wenzao. Huo ni uhusiano tu, wala hauthibitishi kwamba kuongeza misuli kutaipunguza hatari hiyo; lakini unatosha kumfanya mtu asiridhike na namba ya mizani. Isitoshe, kipimo cha dawa nyingi za kemotherapia hukadiriwa kwa urefu na uzito, si kwa kiasi cha misuli, na wenye misuli michache huelekea kupata madhara makali zaidi ya dawa.

Nyumbani kuna kipimo kizuri kuliko mizani. Keti kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, kisha simama kabisa na kuketi mara tano huku mtu akihesabu sekunde kwa simu. Wataalamu wa Ulaya wanaochunguza udhaifu wa misuli kwa watu wazima wenye umri mkubwa huchukua zaidi ya sekunde 15 kuwa ishara ya nguvu iliyopungua. Kwa mgonjwa wa kemotherapia, manufaa ya kipimo hiki yako katika kukirudia kabla ya kila mzunguko wa dawa na kuyaandika matokeo kwenye daftari, ili mabadiliko yaonekane mapema.

Vigezo vitakavyotumika

Vigezo ni vitano, na vimepangwa kwa uzito ninaoupa mimi. Msomaji yuko huru kuvipanga vingine. Cha kwanza ni kiasi ambacho njia inalinda misuli yenyewe, si afya kwa jumla. Cha pili ni usalama kwa mtu ambaye chembe zake za damu hushuka na kupanda kwa kila mzunguko wa dawa, na ambaye pengine amefanyiwa upasuaji wa titi na kutolewa tezi za kwapa. Cha tatu ni gharama na umbali, ambavyo kwa mtu wa Bondo au Molo huamua mengi kuliko utafiti wowote. Cha nne ni uwezekano wa kuifuata njia hiyo katika siku mbaya, na cha tano ni aina ya mtu ambaye inamfaa.

Kuna masharti yanayozitangulia njia zote tatu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kukosa pumzi ukiwa umeketi, kutokwa na damu, au mguu mmoja kuvimba ghafla ni sababu za kukimbilia hospitali, wala si siku za mazoezi. Mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa asianze kunyanyua chochote, hasa kwa kuinama au kujipinda, kabla daktari hajaiangalia mifupa yake, kwa sababu mfupa uliodhoofika huweza kuvunjika kwa mzigo mdogo. Anayetumia trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani ya matiti inayoweza kuudhoofisha moyo, au aliyemaliza dokisorubisini aulize pia majibu ya kipimo cha moyo.

Njia ya kwanza: kutembea

*Ulinzi wa misuli.* Kutembea huimarisha moyo na mapafu na husaidia sana dhidi ya uchovu, lakini kwa misuli faida yake ina mipaka. Jaribio moja linalotajwa mara nyingi, lililofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2007, liliwagawa wanawake 242 walioanza kemotherapia ya saratani ya matiti katika makundi matatu: wa mazoezi ya pumzi kama vile kutembea na kuendesha baiskeli, wa mazoezi ya nguvu, na wa huduma ya kawaida. Kundi la kwanza lilidumisha uwezo wa mwili na kudhibiti mafuta. Kundi la nguvu ndilo lililoongeza nguvu na uzito wa mwili usio wa mafuta. Mikono, mgongo na kifua havipati kazi ya kutosha katika kutembea, na mapaja hupata kazi ya maana pale tu penye mwinuko. Hapo mkaaji wa Vihiga, au wa Nakuru upande unaopanda kuelekea Menengai, ana faida asiyokuwa nayo wa Dunga, ambako barabara ni tambarare. Kwa aliyelala wiki nzima, hata hivyo, kutembea kwenyewe ni mzigo, na misuli huutambua.

*Usalama.* Hii ndiyo njia yenye hatari ndogo zaidi, ingawa si kwamba haina hatari. Mwenye ganzi ya nyayo avae viatu vilivyofungwa vyenye soli isiyoteleza, aachane na kandambili na njia za kokoto, na asitembee gizani. Kisumu jua la adhuhuri humchosha hata mzima, na baadhi ya dawa huifanya ngozi iungue upesi. Saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni panafaa zaidi. Molo, iliyo juu kiasi cha mita 2,500, mgonjwa aliyepungukiwa na damu atahema haraka kuliko alivyozoea, na apunguze mwendo badala ya kujilazimisha. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, wakati chembe nyeupe za damu, zinazokinga maambukizi, huwa chini zaidi katika mizunguko ya wiki tatu, ni busara kuepuka njia zinazopita katikati ya soko kama Kibuye siku ya gulio.

*Gharama na umbali.* Viatu ndivyo gharama pekee, na safari huanzia mlangoni.

*Siku mbaya.* Hapa kutembea hakuna mpinzani. Dakika tano kuzunguka boma, mara tatu kwa siku, zinawezekana hata siku ya pili baada ya dripu, na zinatosha kumzuia mtu asilale mfululizo.

*Anayefaa.* Inamfaa anayeanza kutoka kitandani, mwenye uchovu mkubwa kuliko udhaifu, mzee anayehitaji kurudisha uhakika wa miguu yake, na yeyote ambaye kidonda cha upasuaji bado hakijapona.

Njia ya pili: mazoezi ya nguvu nyumbani

*Ulinzi wa misuli.* Msuli hujengwa, au walau huhifadhiwa, unapopewa upinzani unaokaribia uwezo wake na kisha ukapata mapumziko na protini. Mapendekezo ya kimataifa ya mazoezi kwa wagonjwa wa saratani yaliyotolewa mwaka 2019 yanataja mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki, seti mbili za marudio 8 hadi 15, pamoja na mazoezi ya pumzi ya dakika 30 mara tatu kwa wiki. Nyumbani hili halihitaji mashine. Kusimama na kuketi kitini, kujisukuma kutoka ukutani, kuinuka kwa vidole huku umeshika meza, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, kuvuta mpira wa tyubu uliofungwa kwenye nguzo imara, na kukunja kiwiko ukiwa umeshika chupa ya maji: mazoezi sita haya yanagusa makundi makubwa yote ya misuli, na humalizika kwa nusu saa.

Siri iko katika kuongeza mzigo, na jikoni mwa Mkenya mna mizigo iliyopimwa tayari. Chupa ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo. Pakiti ya unga ni kilo mbili. Jerikani ndogo ya lita tano iliyojaa maji ni kilo tano. Ukiweza kufikia marudio 15 na mawili ya mwisho yasikutoe jasho, mzigo umekuwa mdogo. Ukishindwa kufika manane au ukianza kubana pumzi na kupinda mgongo, umekuwa mkubwa. Asiyepandisha mzigo wiki baada ya wiki ataendelea kufanya mazoezi huku misuli yake ikikosa sababu ya kubaki.

Swali ambalo wanawake wa magharibi mwa Kenya huuliza, na kwa haki kabisa, ni kama kazi za shamba na za nyumbani hazitoshi. Kupalilia, kukamua nguo na kuchota maji ni kazi za misuli bila shaka, na mtu aliyezizoea asiache zote. Kasoro yake ni kwamba mzigo haupangiki: leo hakuna, kesho ni debe la lita 20 kichwani kwenye njia ya utelezi, na uti wa mgongo wa mgonjwa hauwezi kuchukua hilo kwa usalama. Kazi pia huutumia mkono mmoja kuliko mwingine, huwa na jembe linaloweza kumkata mtu wakati chembe nyeupe ziko chini, na haimwachi mtu apumzike anapochoka kwa sababu haijaisha. Mimi ningemwachia mgonjwa kazi nyepesi anazozipenda, ningemwondolea maji na kuni, na muda unaobaki ningeutumia kwa mazoezi yanayohesabika.

*Usalama.* Hofu kubwa ni mkono uliotolewa tezi za kwapa. Kwa miaka mingi wanawake waliambiwa wasiinue chochote kwa mkono huo maisha yao yote. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2009 na 2010 yaliwafuatilia wanawake walionyanyua uzito baada ya matibabu ya saratani ya matiti, wengine wakiwa tayari na uvimbe wa limfu, yaani mkono unaovimba kwa majimaji yanayokwama, na wengine wakiwa katika hatari ya kuupata. Uzito ulioongezwa polepole haukuzidisha uvimbe, na waliokuwa nao walipata mashambulizi machache kuliko wasionyanyua. Zingatia neno polepole: washiriki walianza na uzito mdogo sana chini ya wakufunzi, na mkono ulipobadilika walisimama. Nyumbani, pima mzingo wa mkono kwa futi ya fundi cherehani kila wiki mahali palepale, na ukiona unaongezeka au unahisi mzito, acha mazoezi ya mkono huo hadi uonwe. Baada ya upasuaji, daktari ndiye anayetoa ruhusa ya kuanza. Plateleti, yaani chembe zinazogandisha damu, zikiwa chini, hasa chini ya 50,000 kwa mikrolita, mizigo mizito husimamishwa, na mwenye ganzi ya vidole atumie mpira badala ya kitu kinachoweza kumwangukia mguuni.

*Gharama na umbali.* Ni karibu bure. Mpira wa tyubu, ule unaofungia mizigo kwenye bodaboda, hununuliwa kwa fedha kidogo. Uoshwe, usiwe na ncha za waya, na ushikwe kwa kitambaa ili usichubue ngozi.

*Siku mbaya.* Ni ngumu kiasi. Katika siku tatu au nne za kwanza baada ya dawa wengi hawawezi seti kamili, na hilo lisiwakatishe tamaa. Seti moja ya kusimama na kuketi inatosha kushikilia mazoea. Kwa walio kwenye mizunguko ya wiki tatu, wiki ya tatu ndiyo ya kupandisha mzigo. Anayechomwa sindano za kuongeza chembe nyeupe huenda akaumwa mifupa kwa siku kadhaa, na siku hizo zipite kwa kutembea.

*Anayefaa.* Inamfaa anayeishi mbali na hospitali, mwenye nidhamu ya ratiba au mwenye mtu wa kumsimamia, na ambaye hana saratani kwenye mifupa wala tatizo la moyo. Jambo moja la haki lazima lisemwe: matokeo mazuri ya mazoezi ya nguvu katika majaribio mengi yalipatikana chini ya usimamizi na kwa vifaa kamili. Anayefanya peke yake anaazima kanuni zilezile, lakini asitarajie kupata kila kitu walichopata wale.

Njia ya tatu: mpango chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo

*Ulinzi wa misuli.* Kwa ushahidi, hapa ndipo penye nguvu zaidi. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2015, lenye wagonjwa 230, wengi mno wao wakiwa na saratani ya matiti, lililinganisha karibu kabisa kile kinacholinganishwa hapa: mpango mwepesi wa kujisimamia nyumbani, mpango wa nguvu na pumzi chini ya wataalamu wa viungo mara mbili kwa wiki, na huduma ya kawaida. Mipango yote miwili ilipunguza kichefuchefu na maumivu na kuwawezesha watu kufanya shughuli zao. Wa kusimamiwa uliongoza katika nguvu za misuli na uchovu wa mwili. Waliohitaji kubadilishiwa kipimo cha dawa walikuwa asilimia 12 katika kundi la kusimamiwa, na 34 katika kundi la kujisimamia nyumbani na la huduma ya kawaida pia. Tokeo hilo la mwisho ni la kuchukuliwa kwa uzito, kwa maana dawa iliyopunguzwa au kuahirishwa ni jambo ambalo kila mgonjwa analihofia.

*Usalama.* Mtaalamu huona mgongo unavyopinda, husoma majibu ya damu kabla ya kukupa mzigo, na hutambua mapema bega linalogandana baada ya upasuaji. Kwa upande mwingine, ukumbi wa mazoezi wa hospitali ni mahali pa watu wengi, na katika siku za chembe nyeupe kuwa chini miadi iahirishwe au mgonjwa avae barakoa na kunawa mikono. Jimu za mitaani ni habari nyingine. Baadhi ya wakufunzi wa Nakuru na Kisumu ni hodari, lakini kumwandaa kijana kwa mashindano ya kutunisha misuli hakumfundishi mtu lolote kuhusu plateleti. Ukienda huko, nenda na maandishi ya mtaalamu wa viungo.

*Gharama na umbali.* Hapa ndipo njia hii inapowakwamisha wengi. Hospitali kubwa za umma za ukanda huu, kama vile Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu ambayo wenyeji bado huiita Russia, ile ya rufaa ya Nakuru, ya Kakamega na ya Moi kule Eldoret, zina idara za tiba ya viungo. Lakini kutoka Busia hadi Kisumu ni takriban kilomita 110, na kuisafiri njia hiyo mara mbili kwa wiki kwa matatu kunaweza kuchukua nguvu zilezile ambazo mazoezi yalikusudiwa kuziokoa, mbali na nauli. Uliza mapema malipo yanavyokwenda na kama SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, inagharimia, maana jibu la dirishani huathiri mpango mzima.

*Siku mbaya.* Miadi humlazimisha mtu kutoka nyumbani, jambo ambalo ni faida kwa mwenye moyo mzito na hasara kwa anayetapika. Kuna njia ya kati ambayo haitumiki vya kutosha: kuomba barua ya rufaa, kuonwa na mtaalamu wa viungo siku ileile unapokuja kwa vipimo vya damu au kwa dawa, kufundishwa mazoezi machache na kurekodiwa kwa simu ukiyafanya, kisha kuyaendeleza nyumbani hadi mzunguko unaofuata.

*Anayefaa.* Inamfaa mwenye ugonjwa kwenye mifupa, moyo dhaifu, ganzi kali, mkono uliovimba, bega lililokaza, historia ya kuanguka, au umri mkubwa. Na pia anayeishi mjini karibu na hospitali.

Chakula, kwa njia yoyote utakayochagua

Mazoezi bila protini huchosha msuli na kuuacha hivyo. Mwongozo wa wataalamu wa lishe wa Ulaya huwataka wagonjwa wa saratani wapate zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na ikiwezekana hadi gramu 1.5. Kwa mwanamke wa kilo 65 hiyo ni kati ya gramu 65 na karibu 98. Mayai mawili yana takriban gramu 12, vikombe viwili vya maziwa 16, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15, na kipande cha ngege (samaki wa tilapia) cha gramu 100 kama 26. Jumla imefika 69 kabla ya kuhesabu ugali na mboga. Omena waliokauka ni hazina kubwa, kwa kuwa takriban nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na bei yao inawezekana. Nyama nyekundu ikionja chuma, samaki na mayai mara nyingi hupitika. Mdomo ukiwa na vidonda, uji wa wimbi uliopikwa kwa maziwa na njugu zilizosagwa laini huteremka vizuri. Mayai yaive kabisa, na maziwa yachemshwe.

Unga wa protini wa kopo una nafasi yake kwa asiyeweza kumaliza sahani, ingawa mtu anayekula vizuri hapati kwake cha ziada kinacholingana na bei. Mwenye tatizo la figo asiuguse bila ushauri. Sharubati ya bitiruti, ambayo kila jamaa huja nayo akisema inaongeza damu, ina protini kidogo mno. Isiwe mbadala wa mlo. Na wale wanaomkataza mgonjwa mayai, maziwa na nyama kwa madai kwamba vinalisha saratani wanamwondolea hasa kile ambacho misuli yake inakitafuta.

Kuchagua kwa kuangalia hali yako

Kama uko katika mzunguko wa kwanza au wa pili na ulikuwa mtu wa shughuli kabla ya kuugua, huna sababu ya kuanzia chini kabisa. Unganisha kutembea siku nyingi za wiki na mazoezi ya nguvu nyumbani siku mbili zisizofuatana, ukiyaanza katika juma ambalo mwili umetulia, na mweleze daktari kabla ya kuongeza mzigo wa mkono wa upande uliopasuliwa.

Kama umeingia kwenye paklitakseli na nyayo zimeanza kufa ganzi, kutembea mbali kunapoteza ubora wake kwa sababu ya hatari ya kuanguka. Hamishia uzito kwenye mazoezi ya kuketi na ya kusimama ukishika meza, na umwone mtaalamu wa viungo angalau mara moja akupime msawazo. Mweleze pia daktari wa saratani, maana ganzi inayozidi huweza kumfanya abadilishe dawa au kipimo.

Kama unaishi Siaya, Busia, Vihiga au vijiji vya Molo, na mwenye kukuuguza ni binti au mkamwana, njia ya kati iliyotajwa juu ndiyo inayowezekana zaidi: mafunzo hospitalini siku ya dawa, utekelezaji nyumbani. Yeye apewe kazi ya kuhesabu marudio na kushika daftari badala ya kazi ya kukuzuia usisimame. Ni mabadiliko madogo katika nyumba, na huondoa ugomvi mwingi.

Kama unaishi Milimani ya Kisumu au katikati ya Nakuru, una bima inayolipa na nguvu za kutoka mara mbili kwa wiki, mpango wa kusimamiwa unakupa ushahidi bora kuliko mingine. Ukikatishwa na homa au damu kushuka, rudi kwenye kutembea kwa wiki hiyo bila kuhesabu kwamba umeshindwa.

Kama una miaka zaidi ya 70, umewahi kuanguka, au kipimo cha kiti kinapita sekunde 15 hata kabla ya dawa ya kwanza, anza na mtaalamu, hata kama ni kwa miadi miwili tu, kisha fuata atakachokuandikia.

Kama ugonjwa umefika kwenye mifupa, mtaalamu wa viungo na daktari wa saratani waamue pamoja, na hadi watakapoamua, matembezi mafupi kwenye sakafu tambarare pamoja na kusimama na kuketi kwenye kiti kirefu, ikiwa daktari hajakataza na hakuna maumivu, ndiyo mipaka.

Na kama wiki hii huwezi lolote, anza na chakula na safari ya kutoka kitandani hadi kiti cha uani mara kadhaa kwa siku, kisha urudie kipimo cha kiti kabla ya mzunguko ujao na kumwonyesha daktari namba ulizoandika.